Kutangulia Si Kusababisha

Tarehe 19 Novemba 2025, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilibadilisha maelezo yake kuhusu chanjo na usonji. Kwa miaka mingi kiliwaambia wazazi kwamba chanjo hazisababishi usonji. Sasa kinasema kauli hiyo haina msingi wa ushahidi, kwa kuwa tafiti hazijafuta uwezekano wa chanjo za watoto wachanga kuleta hali hiyo. Waziri wa Afya, Robert F. Kennedy Jr., alisema mwenyewe kwamba ndiye aliyeagiza mabadiliko hayo.

Ni uamuzi mbovu, na ubovu wake hauishii kwenye usonji. Ukishakubali kwamba chanjo ina hatia mpaka kila uwezekano ufutwe, hakuna ugonjwa utakaokosa kuingizwa kwenye hati ya mashtaka. Mmoja umekaa kwenye foleni hiyo muda mrefu: ule ambao kinga ya mwili huigeuka na kuishambulia tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo. Una sura mbili kuu. Katika ule uliopewa jina la daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912, tezi huharibiwa taratibu hadi homoni inapungua: uchovu, baridi isiyoisha, uzito kupanda, hedhi kuvurugika. Katika ule wa Graves tezi huchochewa kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, mwili kukonda. Wanaodai kwamba chanjo ndizo zinazoleta maradhi haya sasa wana taasisi kubwa ya kuazima hoja yake.

Tuwape wapinzani haki yao. Ni kweli chanjo imewahi kuamsha kinga dhidi ya mwili. Mwaka 1976 Marekani ilisitisha chanjo ya mafua ya nguruwe baada ya kuonekana ongezeko la Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga hushambulia neva, takriban mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Baada ya chanjo ya mafua ya Pandemrix ya mwaka 2009, Finland na Sweden ziliona vijana wakipata ugonjwa wa kulala ovyo. Ni kweli pia kwamba baada ya chanjo za UVIKO-19 madaktari waliandika taarifa za wagonjwa waliopata Graves au uvimbe wa tezi. Taarifa hizo zilistahili kuandikwa. Lakini taarifa ya mgonjwa mmoja mmoja huuliza swali tu, haitoi jibu.

Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo wapiga kelele hawalitaji kamwe: ugonjwa huu huanza lini? Kingamwili zinazoishambulia tezi huweza kuwamo kwenye damu kwa miaka kabla ya dalili ya kwanza. Watafiti wa Marekani walipopima sampuli za damu zilizohifadhiwa za wanawake wanajeshi, walizikuta kwa wengi wa waliougua Hashimoto baadaye, miaka mitano na zaidi kabla daktari hajautaja ugonjwa. Tena ugonjwa huu huwapata wanawake mara kadhaa zaidi ya wanaume, na wengi hugunduliwa wakiwa vijana au watu wazima wa makamo. Ukiwachanja wanawake milioni moja wa rika hilo, maelfu yao wana kingamwili hizo tayari, na baadhi yao watagunduliwa kuwa wagonjwa mwezi huo huo, chanjo iwepo isiwepo. Wahenga walishalimaliza hili: liwike lisiwike, kutakucha.

Swali la haki, basi, haliwezi kuwa "nani aliugua baada ya kuchanjwa?" Swali ni kama waliochanjwa wanaugua zaidi kuliko ambavyo wangeugua bila chanjo. Swali hilo limeulizwa, na kwa ukali. Denmark na Sweden zina rejesta za afya zinazomfuata kila mkazi tangu kuzaliwa. Mwaka 2013 watafiti walitumia rejesta hizo kuchunguza wasichana karibu milioni moja wa miaka 10 hadi 17, wakiwemo 296,826 waliopata chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Maradhi ya thairoidi yalikuwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyofuatiliwa, na hayakuongezeka.

Mwaka 2018 wakarudia kwa wanawake watu wazima zaidi ya milioni tatu, wakipima magonjwa 44. Safari hii Hashimoto ulijitokeza, pamoja na mengine sita. Hapa ndipo mtu wa propaganda angefunga daftari na kukimbilia kipaza sauti. Watafiti hawakufanya hivyo. Ukipima magonjwa 44 kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, mawili hivi yatajitokeza kwa bahati nasibu tu. Halafu mwanamke mtu mzima anayejitafutia chanjo si sawa na asiyeitafuta: huyo ndiye pia anayekwenda kwa daktari, anayepimwa damu, na mwenye kupimwa ndiye anayegunduliwa. Kwa hiyo walirekebisha hesabu kwa wingi wa magonjwa yaliyopimwa, kisha wakamlinganisha kila mwanamke na nafsi yake: kipindi baada ya chanjo dhidi ya vipindi vingine vya maisha yake. Hashimoto ukatoweka kwenye matokeo. Ulibaki ugonjwa mmoja tu, ule wa utumbo unaochochewa na gluteni ya ngano, nao wakauchapisha ulivyo bila kuuficha.

Sasa aniambie mtu anayedai kwamba sayansi "haijachunguza" ni uchunguzi gani mwingine anaoutaka. Shaka ilipewa nafasi, ikapimwa, ikashindwa. Kinachodaiwa sasa ni kuthibitisha kwamba kitu hakiwezekani kabisa, na uthibitisho huo haupo kwa chanjo, haupo kwa chumvi, haupo kwa maji ya kunywa. Kudai kisichoweza kutolewa, kisha kulalamika kwamba hakijatolewa, ni ujanja. Na taasisi ya umma inayoutumia inawadanganya wazazi huku ikijifanya inawapa tahadhari.

Ujanja huo una gharama. Juni 2013 Japani iliacha kuhimiza chanjo ya HPV kufuatia taarifa za madhara ambazo hazikuthibitishwa. Uchanjaji ulishuka kutoka karibu asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1, na msimamo ulirejeshwa mwaka 2022. Watafiti walikadiria kwamba pengo hilo lingeleta maelfu ya vifo visivyo vya lazima.

Sisi je? Tanzania ilianza kutoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi Tanzania. Na Juni 2025 Kennedy huyo huyo alitangaza kwamba Marekani haitaichangia tena Gavi, muungano unaosaidia kulipia chanjo za nchi zetu, mpaka uridhishe matakwa yake. Hoja mbovu ya Washington haikai Washington.

Wizara zetu za afya zisikubali kuazima lugha hii ya CDC. Zichapishe taarifa za ufuatiliaji wa madhara ya chanjo zikiwa wazi, ili mwananchi ajisomee. Mwenye uchovu usioeleweka au moyo unaokwenda mbio akapime homoni za thairoidi. Ni kipimo cha damu, na ugonjwa una dawa. Na mzazi mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 ampeleke akapate chanjo ya HPV.