Marekani si dunia, wasee

Kuna jamaa tunasoma naye anataka apu yetu itoke kwa iPhone pekee. Sababu? Amesoma kwamba Marekani, kwa simu janja zinazouzwa, nusu hivi ama zaidi ni iPhone. Kwa hivyo Android imekwisha. Sasa, hii apu ni ya kutafutia wanafunzi nyumba za kupanga karibu na chuo. Kwani wateja wetu wako Texas?

Tuongee ukweli. Mwaka wa 2023 Apple iliongoza dunia kwa simu, karibu milioni 235 kwa hesabu ya IDC. Heshima yake ipewe. Lakini mwaka huo soko lote lilikuwa zaidi ya bilioni 1.1. Hiyo ni kama simu moja kwa kila tano. Simu ni ile ile, tumebadilisha ramani tu.

Haya, angalia Transsion, wenye Tecno, Infinix na Itel. Makao yao ni Shenzhen, lakini ukiwapima kwa mauzo ya Uchina utadhani hata hawako kwa biashara. Mwaka huo huo wa 2023 walitoa simu karibu milioni 95, wakawa wa tano duniani! Walikuja Afrika 2008 na laini mbili, betri ya kukaa, bei ya mtu wa kawaida, na baadaye kamera inayojua ngozi nyeusi. Huko ndiko pesa yao ilitoka.

Na tusicheke Wamarekani sana. Ukiangalia M-Pesa hapa tangu 2007, ungeapa itashika kila mahali. Vodacom wakaipeleka Afrika Kusini 2010, na 2016 ikafungwa. Watu wengi kule walikuwa na benki na kadi tayari. Msee wa Johannesburg angeandika M-Pesa imekufa, na wewe hapa unalipia mutura nayo.

Sisemi iPhone ni mbaya (manze, kama uko na ya ziada, nitumie).

Jana niliuliza watu ishirini pale steji ya chuo wanatumia simu gani. iPhone zilikuwa tatu. Najua steji moja si Kenya, lakini hao ndio wanatafuta nyumba. Tunaanza na Android. Jamaa bado amenuna.