Tunajua Kuzindua, Nani Atatunza?

Ujumbe uliingia saa tano na nusu usiku, siku ya Jumapili, wiki moja kabla hatujaondoka kwenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo. "Ticha, maneno yangu yameenda wapi?"

Aliyeandika ni mwenzangu wa darasa. Tangu saa tisa alasiri alikuwa kwenye kimbweta na laptopu ya kuazima, akipitia kurasa za Biolojia za Kiingereza na kukusanya maneno magumu pamoja na maana zake za Kiswahili. Alitaka awaandalie wanafunzi wa kidato cha kwanza orodha ya kubandika ukutani. Alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, faili likatoka tupu.

Programu iliyomwangusha ilikuwa yangu. Niliiandika mwenyewe, nikaisambaza mwenyewe kwenye kundi la darasa, na sifa nikazipokea mwenyewe. Ndiyo maana makala hii naianza kwa kukiri, kabla sijamgeukia mtu mwingine yeyote hapa chuoni.

Kwa wasiojua, kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari kama Chrome au Firefox ili kukiongezea kazi ambayo hakikuja nayo: kuzuia matangazo, kutafsiri, kutunza kurasa. Changu nilikiita Kidokezo. Ukichagua neno la Kiingereza kwenye ukurasa, kinatokea kisanduku chenye neno la Kiswahili na sentensi moja ya maelezo. Tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha tukaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu ni Kiingereza, hatuhitaji kuelezwa kwa nini kitu kama hicho kina maana. Darasani kilipokelewa vizuri. Nilikiwasilisha kwenye maonyesho ya ubunifu, nikapigwa picha, nikapewa cheti. Cheti kipo hadi leo. Kiendelezi ndicho kilichokuwa kinakufa polepole.

Wenzetu wa kompyuta huita msimbo "kodi". Sisi tunaokaa nje ya hosteli tunaijua kodi nyingine, ile ya mwenye nyumba. Kwenye kiendelezi kodi zote mbili zinakutana: unaandika kodi ndani ya nyumba ya kupanga. Kivinjari si chako. Mwenye nyumba akiamua kubadilisha kitasa au kubomoa jiko la nyuma, hakuulizi. Anabandika tangazo mlangoni, na kusoma au kutosoma ni juu yako.

Na matangazo ya namna hiyo hayakuanza leo. Novemba 2017, Firefox ilipofika toleo la 57, iliacha kupokea viendelezi vya mtindo wa zamani. Vile vya zamani viliweza kuingiza mkono karibu kila kona ya kivinjari. Hiyo ilivipa nguvu, lakini pia ilifanya kila marekebisho ya kivinjari yawe hatari kwao na kwa mtumiaji. Walioviandika wakatakiwa kuandika upya kwa utaratibu mpya. Wengine waliandika, wengine waliacha, na watu waliovitegemea wakaamka asubuhi kitu hakipo.

Kwa Chrome, hadithi inazunguka faili moja liitwalo manifesti. Ni kama kitambulisho cha kiendelezi: jina lake, ruhusa zake, na kanuni anazofuata. Toleo la 3 la manifesti lilianza kufanya kazi kwenye Chrome ya kawaida Januari 2021. Toleo la 2 lilipangiwa kuanza kuzimwa mwaka 2023, ratiba ikasogezwa, uzimaji ukaanza Juni 2024 kwenye matoleo ya majaribio na kuendelea hadi 2025. Yaani watu walipewa miaka. Mimi nilijifunza kupitia video ya zamani ya YouTube, nikaanza moja kwa moja na toleo la 2, na onyo lilipokuwa likijitokeza kwenye ukurasa wa viendelezi nilikuwa nalifunga tu, kama tunavyofunga tangazo la chuo lenye kurasa nane.

Nilipoamua kuhamia toleo la 3, nilifanya kazi hiyo usiku mmoja. Hapo ndipo nilipomponza mwenzangu, na kosa lenyewe lina somo, kwa hiyo nitalieleza.

Katika toleo la 2, kiendelezi kiliweza kuwa na sehemu ya nyuma ya pazia inayokesha muda wote kivinjari kikiwa wazi. Kidokezo kilikuwa kinashika maneno yote uliyochagua kichwani, kwenye kumbukumbu ya muda, kisha kinayaandika kwenye faili siku ukibonyeza kuhifadhi. Katika toleo la 3, sehemu hiyo haikeshi. Ikikaa sekunde 30 bila kazi, inazimwa. Ikiitwa tena inaamka, lakini haikumbuki chochote ambacho haikukiandika mahali.

Wanafunzi wa ualimu mtanielewa nikisema ni kama mwalimu wa zamu. Wiki yake ikiisha anaondoka, anakuja mwingine. Kinachounganisha wiki hizi mbili ni kitabu cha zamu. Kama wa kwanza hakuandika kuwa mtoto fulani aliruhusiwa kwenda zahanati, wa pili atamtafuta bwenini hadi jioni. Mimi nilihamisha zamu bila kuweka kitabu. Mwenzangu kila alipotulia kusoma aya moja, mwalimu wangu wa zamu alikuwa anakwenda zake na maneno yake yote.

Mtaniuliza: hukujaribu kabla ya kusambaza? Nilijaribu, tena kwa saa mbili. Ila nilijaribu nikiwa nimefungua dirisha la ukaguzi la sehemu ile ya nyuma, lile ambalo waandishi wa programu hulitumia kuona makosa. Na dirisha hilo likiwa wazi, sehemu ile haizimwi. Kwa hiyo mbele ya macho yangu kila kitu kilikwenda sawasawa. Ni kama somo analolifundisha mwanafunzi wa mafunzo siku msimamizi kakaa kiti cha nyuma: zana zipo, sauti ipo, darasa limetulia. Msimamizi akipanda gari kuondoka, ndipo unapoona hali halisi.

Kurekebisha kulichukua mistari michache. Sasa kila neno linaandikwa kwenye hifadhi ya kivinjari papo hapo linapochaguliwa, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, kwa sababu hata kwenye toleo la 2 umeme ukikatika ungeondoka na orodha yote. Shida ikawa kuwafikishia watu marekebisho. Sikuwa nimekipandisha kiendelezi kwenye duka rasmi la Chrome, ambako mwandishi hujiandikisha kwa dola 5, mara moja tu. Bumu lilipotoka nilinunua viatu vya mafunzo. Nilikuwa nagawa folda kwa WhatsApp, na kiendelezi cha namna hiyo hakijisasishi. Ilibidi nimfuate mtu mmoja mmoja, na wengine walishaondoka kwenda mikoani na toleo bovu kwenye laptopu zao.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Chuoni kwetu tunajua sana kuzindua, na kutunza hatujui. Kila mwaka kuna maonyesho, mashindano na zawadi za wabunifu. Pitia miradi iliyopigiwa makofi miaka miwili iliyopita, uulize ipi inafanya kazi leo. Nimejaribu kufungua mitatu ambayo viungo vyake bado vipo kwenye mabango ya zamani ukutani. Mmoja unafunguka. Sisemi wenzetu walikuwa wazembe. Nasema hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa swali hili na majaji: mwenye jukwaa akibadilisha kanuni zake, nani ataamka usiku?

Najua kuna watakaonipinga, na hoja mbili wanazo za haki.

Ya kwanza: mbona unajilaumu, wakati wenye majukwaa ndio wanaowasumbua watu? Kuna ukweli hapo. Toleo la 3 halikuleta usingizi wa sekunde 30 peke yake. Lilibadilisha pia namna ya kuzuia matangazo: badala ya kiendelezi kuchunguza kila ombi linalotoka na kuamua papo hapo, sasa kinakikabidhi kivinjari orodha ya kanuni na kivinjari ndicho kinachoamua. uBlock Origin cha Raymond Hill, kilichokuwa kikitegemewa na watu wengi mno, kwenye Chrome kimebaki na mdogo wake aitwaye uBlock Origin Lite, mwenye uwezo pungufu. Google ilieleza kuwa inataka usalama, faragha na wepesi. Wakosoaji, wakiwemo Electronic Frontier Foundation, walihoji nia hiyo, hasa kwa kuwa kampuni yenyewe inaishi kwa matangazo. Firefox iliamua kuubakiza uwezo ule wa zamani. Kwa sisi wa bando la kupima, kizuia matangazo si anasa, kwa hiyo mjadala huo unatuhusu na tuna haki ya kuhama kivinjari.

Lakini lawama hizo haziniondolei mzigo wangu. Mwenzangu hakuwa na mkataba na kampuni ya ng'ambo. Alikuwa na neno langu kwenye kundi la darasa: "Sakinisheni hii, iko poa." Tena nilipokuwa naandika upya nikagundua jambo lililonitia aibu. Kidokezo kilikuwa kinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa wa kila tovuti. Kamusi! Mtu akifungua barua pepe au akaunti ya benki, kiendelezi changu kilikuwa na ufunguo wa humo. Sikuwahi kuutumia, lakini hakuna aliyejua hivyo ila mimi. Sasa kinapata ruhusa ya ukurasa mmoja tu, pale mwenyewe anapokibonyeza. Bila kulazimika kuhama nisingeuliza swali hilo kamwe.

Hoja ya pili: basi tusijenge kwenye nyumba za watu. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Ni kweli, ila niambieni nani asiyepanga. Mwalimu mwenyewe anapanga kwenye mtaala. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, na mwalimu mwenye andalio la somo la miaka kumi iliyopita hakutupa chaki akaenda nyumbani. Aliketi akaangalia kipi kinabaki, kipi kinabadilika, kipi kinaondoka. Hiyo nayo ni kazi ya ualimu, kama ilivyo kusimama mbele ya ubao. Nashangaa kwamba sisi tunaosomea kazi hiyo, tukishika kompyuta tunadhani kazi imeisha siku ya uzinduzi.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi mambo matatu, na hakuna linalohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, zawadi ya ubunifu igawanywe. Nusu itolewe siku ya mashindano, nusu baada ya mwaka mmoja, kwa mradi ambao bado unafanya kazi na bado una watumiaji. Majaji wasiangalie slaidi. Waufungue kwenye kompyuta ambayo mwandishi hajaigusa.

Pili, kila mradi unaosambazwa kwa jina la wanachuo uwe na watunzaji wawili, na mmoja wao awe mwaka wa chini. Sisi wa mwaka wa tatu tunaondoka. Pawepo na daftari fupi la makabidhiano: mradi unategemea jukwaa gani, matangazo ya jukwaa hilo yanasomwa wapi, na nani anayasoma kila mwezi. Dakika kumi kwa mwezi zingeniokoa mimi miaka miwili ya kufumba macho.

Tatu, tuwe wakweli kwa watumiaji. Tukisambaza kitu, tuandike kinatunzwa hadi lini. Na tukishindwa kuendelea, tutangaze mapema na tumpe kila mtu njia ya kutoa vitu vyake. Mtu anaweza kusamehe programu iliyostaafu. Kupotezewa kazi ya saa nane kimyakimya ni jambo jingine.

Wahenga walishasema kuhusu ufa na ukuta, sina haja ya kurudia. Ninachoongeza ni kwamba ufa haupigiwi makofi ukizibwa, na ndiyo maana tunakimbilia kujenga kuta mpya.

Mwenzangu yule aliandika upya orodha yake kwa mkono, kwenye karatasi ya manila, na ilibandikwa darasani kwa wiki zote za mafunzo. Aliporudi nilimwomba awe mtunzaji wa pili wa Kidokezo. Hajui kuandika msimbo sana, lakini sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba kila toleo jipya alijaribu yeye kwanza, kwenye laptopu yake ya kuazima, mimi nikiwa sipo karibu.