Kutua, Kubwaga na Kushusha: Mtego wa Kitenzi "put down"

Vitenzi vya Kiingereza vinavyoundwa kwa maneno mawili vimekuwa mtego kwa wanafunzi wa tafsiri. Mathalani, "put down" hufasiriwa "weka chini", kana kwamba kila neno lina maana yake pekee. Ilhali kitenzi hicho chaweza kumaanisha kutua mzigo, kuandika jambo, kumdunisha mtu, kuzima uasi, au kumuua mnyama mgonjwa ili asiteseke. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilizimwa. Hakuna mzawa wa lugha asemaye kuwa viliwekwa chini.

Hata maana ya kwanza, ionekanayo nyepesi, haitoshelezwi na "weka chini". Ushahidi umo katika msamiati wa njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyejitwika takriban frasila mbili alipofika kambini aliutua mzigo wake. Alipoutupa kwa uchovu au hasira, aliubwaga. Na jina la Bagamoyo lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na "bwaga moyo". Kiswahili hutofautisha namna ya tendo kwa kuchagua mzizi, kisha huunyambua. Kutokana na "tua" tunapata tulia, tuliza na kituo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa masafa marefu katika njia hiyo ukafifia. Katika kituo cha reli kama Igalula, mkoani Tabora, treni hushusha abiria, nao hushuka. Kiingereza chaweza kutumia "put down" hapo pia. Hata hivyo, neno "kituo" lingali limehifadhi kumbukumbu ya mpagazi na mzigo wake.

Wapo watakaodai kuwa lugha hukua kwa kukopa, na kuwa "weka silaha chini" imekwisha kukubalika. Dai hilo lina ukweli. Lakini mkopo unaofaa huongeza akiba ya lugha, ambapo "weka chini" ikitumiwa kila mahali hufuta tofauti baina ya kutua, kubwaga na kushusha.

Yafaa basi watunzi wa kamusi na walimu wa tafsiri waanze na tukio lenyewe: nani anaweka nini, kutoka wapi, na kwa namna gani. Wakishajibu hayo, kitenzi cha Kiswahili hakitakuwa mbali.