Ruta kubwa haikupi droo nzuri

Leo naomba tuweke kando habari za viwalo na mahaba, tuingie karakana. Maana siku hizi nikikatiza Keko sikosi kukutana na kijana ambaye zamu yake ya upatu imefika, mshiko uko mfukoni unamwasha, na swali lake ni hilohilo: "Kaka, ninunue ruta gani?" Ukimwuliza ya kazi gani, anakujibu huku kavimba kifua, "Nataka nipige mkia wa njiwa." Kesho yake unasikia kateremka Gerezani na karudi na limashine linalonguruma kama la kusaga sembe, na jigi kanunua pembeni. Wiki inakatika, mwezi unakatika, droo bado anagongelea misumari. Ukimwuliza vipi, anasema eti jigi ni feki.

Jigi si feki, ndugu yangu. Ulianza kununua kwa nyuma.

Kwa wale ambao hawajui tunaongea nini, nenda kwa bibi, vuta droo ya lile kabati la zamani (wazee wanaiita mtoto wa meza) uitazame ubavuni. Utaona vipande vya mbao vimefumana, vimetanuka kwa mbele kama mkia wa njiwa anayetua. Hiyo kitu Wamisri wa kale walikuwa wanaifanya kwenye samani zao, na mpaka leo haijapata mpinzani, kwa sababu droo kazi yake ni kuvutwa. Msumari ulionyooka unavutwa unatoka. Mkia umetanuka, utatokaje? Hata gundi ikichoka, uso wa droo haubaki mkononi mwa mteja. Na mteja anayejua samani, akiingia karakana yako hagusi polishi, anavuta droo kwanza.

Kwa mkono unaipiga kwa msumeno mwembamba na patasi, na fundi mzuri anaipiga vizuri sana. Tatizo ni kwamba kabati lina droo 6, na kila droo ina kona 4. Hapo ndo jigi inapoingia. Ni kibanio kirefu, mbao ya ubavu inasimama kwa mbele, mbao ya uso inalala juu, na juu yake inakaa pleti yenye meno kama kitana. Ruta inavaa bushi, yaani kibomba kifupi kinachochungulia chini ya kitako chake, na hicho kibomba kinapita kwenye meno ya pleti huku biti ikikata mbao zote mbili kwa mpigo mmoja.

Sasa sikiliza hesabu, maana ndiyo inayowaumbua watu. Jigi nyingi za bei ya kawaida, zile za pleti isiyosogezwa meno, zimetengenezwa kwa biti ya nusu inchi yenye mlalo wa digrii 14 na bushi ya inchi 7 kwa 16. Nusu inchi ni milimita 12.7. Bushi yenyewe, kwa nje, ni milimita 11.1. Tundu lake la ndani ni dogo zaidi ya hapo. Umenipata? Kichwa cha biti ni kikubwa kuliko tundu kinapochungulia. Maana yake bushi inafungwa kwanza, halafu biti inaingizwa kwa chini, na ikishaingia haiwezi kurudi juu.

Mshikaji wangu na lile limashine lake yeye kanunua ruta ya springi, ile unayoibonyeza inazama na ukiachia kitasa inaruka juu yenyewe. Kwa kuchimba tundu la kitasa cha mlango, hiyo ni bomba. Kwenye jigi, siku ukiachia kitasa kwa mazoea, biti inayozunguka mara 20,000 kwa dakika inaruka kuitafuna bushi. Chuma kwa chuma, na uso wako uko pale juu unatazama. Nimeoneshwa Keko biti iliyofia hivyo, meno ya kabaidi yote yamelambwa. Mwenye nayo anaihifadhi kwenye kopo kuwatishia wanafunzi wake.

Kama tayari unayo ya springi, usiitupe, inafanya kazi. Ila ukishapata kina, kaza kitasa, kaza na nati ya kuzuia kama ipo, halafu jifanye hiyo springi haipo duniani. Na kama bado hujanunua na kazi yako kubwa ni droo, mimi nakwambia chukua ruta ya kitako tulivu, ile ambayo kina chake kinapangwa kwa kuzungusha. Mkia wa njiwa haukatwi kidogokidogo kwa kushuka. Unakatwa kwa kina chote mara moja. Kwa hiyo huko kuzama unakolipia hukutumii.

Halafu kuna mguu wa biti. Ruta kubwa zinakuja na koleti, yaani koo linaloshika biti, la nusu inchi. Kijana anaona sifa, ananunua na biti ya mguu wa nusu inchi. Rudi kwenye hesabu yetu: mguu wa milimita 12.7 utapitaje kwenye bushi ya milimita 11.1? Haupiti. Utalazimika kutafuta kipunguzio cha kuvalisha ndani ya koleti ili ushike biti ya mguu mwembamba, yaani umelipia koo pana ili uje uliweke mpira wa mtoto.

Mguu ninaoupenda mimi ni wa milimita 8. Unapita kwenye bushi na hautetemeki. Wa robo inchi nao unapita, na jigi nyingi zinakuja na biti ya namna hiyo, ila kwenye mninga mkavu usiukimbize. Hapa naomba ufungue macho: robo inchi ni milimita 6.35, si 6. Maduka yetu yana mashine kutoka kila pembe ya dunia, na muuzaji atakwambia "hiyohiyo tu". Si hiyohiyo. Biti ya milimita 6 ndani ya koleti ya robo inchi utaikaza mpaka mishipa ikutoke, ila ikiingia kwenye mbao itateleza kushuka. Kwenye kazi nyingine ungeharibu mbao tu. Kwenye mkia wa njiwa, kina ndicho kinachoamua kama kiungo kitakaza au kitalegea: ukishusha biti kinakaza, ukipandisha kinalegea, na tofauti ni nusu milimita. Biti inayoteleza inakupa droo ya kwanza legelege na ya tatu haiingii hata kwa nyundo.

Ndiyo maana kwenye ruta mimi sitazami wati kwanza, natazama jinsi kina kinavyopangwa. Zungusha kile kirungu. Kinakwenda taratibu, au kinaruka? Ukikaza, namba inabaki palepale au inasogea kidogo? Ikisogea, iache hapohapo kaunta, hata kama muuzaji anakuita bosi.

Wati? Haya, tuseme. Kati ya 900 na 1,400 unakula droo za paini, za msaji na za mninga bila jasho. Vile vidogo vya kushika kwa mkono mmoja, vya wati 700 hivi, kwa paini ya Sao Hill vinakwenda, ila kitako chao ni chembamba, kinayumba juu ya meno ya pleti, na ukiyumba kidogo umechimba shimo pasipo shimo. Yale majitu ya wati 1,600 kwenda juu yana kilo 5 na ushee. Jaribu kulishikilia hilo liwe bapa juu ya ukingo wa jigi kwa kona 24, mkono ukichoka likapinda. Ya kilo 3 hivi itakutosha.

Na jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui: bushi lazima iwe katikati ya biti kabisa. Kwa macho huwezi kuona kama imeenda upande. Dawa ya bei poa ni kuitia ruta alama ya chaki upande mmoja, na hiyo chaki ikutazame wewe tangu jino la kwanza hadi la mwisho. Usiizungushe mikononi kama usukani wa daladala. Kata kwanza kijuujuu kutoka kulia kwenda kushoto ili mbao isimeguke, halafu rudi kushoto kwenda kulia ukifuata meno. Ukimaliza, zima, subiri isimame kabisa, ndipo uitoe kwa kuivuta kuelekea kwako. Ukiinua juu inazunguka, umekata pleti, umekata mbao na biti umeiaga.

Mtumba nao una mambo yake. Mashine ya Marekani ni ya volti 120, na zile za Uingereza za kazi za ujenzi, zenye plagi ya njano, ni za 110. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka unapata moshi na harufu, basi. Soma kile kibati kabla ya kuulizia bei. Transfoma ya kuishusha ni hela nyingine na mzigo mwingine.

Kwa hiyo safari ya Gerezani ipange hivi. Nunua jigi kwanza, soma karatasi yake inataka bushi ya ukubwa gani. Siku ya ruta, nenda na hiyo bushi mfukoni, na biti yako, na spana. Mwambie muuzaji akuruhusu uifunge. Makampuni hayafanani, bushi ya huyu haikai kwa yule, wengine wanafunga kwa skrubu mbili, wengine kwa nati, na wakati mwingine kuna pleti ya kuunganishia, wakati mwingine hakuna kabisa. Ikikaa, weka biti, ichomoe kwenye umeme, izungushe kwa kidole uone kama inacheza. Muuzaji akigoma usifunge bushi yake dukani, mshukuru, vuka barabara, duka la pili liko wazi.

Miwani na kitambaa cha pua usisahau, vumbi la mninga linawasha. Wiki ijayo tunaongelea gundi, na nina maneno na wale wanaoichanganya na maji.