Bao Halifungwi Kimyakimya

Jioni ya Jumapili Usoke, mkoani Tabora, vumbi la uwanja likiwa limepanda hadi magotini, kijana wa miaka kumi na sita anauwahi mpira uliotemwa na kipa na kuupitisha kati ya miti miwili iliyosimikwa kuwa goli. Anageuka na kukimbilia wenzake, mikono imetanuka. Kabla hawajamfikia, sauti ya mtu mzima inamkata kutoka pembeni: “Acha utoto! Rudi katikati!” Kijana anashusha mikono. Anarudi kwenye nafasi yake taratibu, macho chini, kama aliyekamatwa na embe la jirani.

Kisa hicho si cha Usoke peke yake. Kiko Urambo mjini, kiko Kaliua, kiko kila penye mechi ya kata na benchi la wazee chini ya mwembe. Ni imani iliyoenea na inayotamkwa kwa sauti ya hekima: mchezaji mstaarabu hufunga na kunyamaza. Anayeruka, anayecheza, anayeanguka magoti, huyo ana majivuno, anaiga mambo ya runinga na anapoteza muda wa mchezo. Methali nayo huitwa ije kutoa ushahidi: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Imani hiyo ni potofu. Tena inapotamkwa katika ardhi ya Unyamwezi, inakwenda kinyume na historia ya ardhi hiyohiyo inayokanyagwa na wanaoitamka.

Tuanze na hilo la kuiga. Tarehe 7 Novemba 1857, msafara wa wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke uliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ukiwa na siku 134 tangu kuiacha pwani. Burton alieleza kwa kirefu namna ulivyoingia. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walijipanga kwa kusongamana, mstari ukajinyonganyonga uwandani kama nyoka, bendera zikipepea, pembe zikivuma, bunduki zikilipuliwa hewani, na kila kinywa kikipaza sauti. Watu hao walikuwa wamebeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja, wamevuka mbuga za Ugogo zisizo na maji, wamezika wenzao njiani. Hawakuingia mjini wameinamisha vichwa. Waliingia wakishangilia, na mji ukatoka kuwalaki.

Wala hawakuwa wakifanya jambo la ajabu siku hiyo. Ndivyo misafara ilivyoingia. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia akiwa amevaa mavazi yake ya kupendeza, na mlio wa bunduki ulikuwa taarifa kwa wenyeji kwamba wageni wanakuja mchana kweupe, na kwamba safari imefika. Mwandishi wa habari Henry Stanley naye alipokaribia Ujiji mwaka 1871 kumtafuta mmisionari David Livingstone, aliamuru bunduki zifyatuliwe kabla hajaonekana. Kufika kulikuwa na sehemu mbili, miguu kugusa mji na mji kujua. Bila hiyo ya pili, safari ilikuwa haijaisha.

Kaskazini kidogo, kwa Wasukuma ambao ni ndugu wa lugha wa Wanyamwezi, jambo hili lilipewa mfumo kabisa. Tangu karne ya 19 wachezaji wa ngoma wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, vinavyotajwa kuwa vilianzishwa na waganga wawili washindani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivyo huwekwa pande mbili za uwanja na kucheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi upande wake. Hapo hakuna refa wa kuamua kwa filimbi. Mwenye nyoka shingoni atamwonyesha, mwenye ubunifu wa mavazi atauanika, na furaha ya watazamaji ndiyo inayohesabiwa. Katika utamaduni wa namna hiyo, kumwambia kijana kwamba kuonyesha furaha mbele ya watu ni tabia ya kigeni ni kumnyang’anya mali ya babu yake.

Kisha akaja Fiston Mayele. Mshambuliaji huyo Mkongomani alijiunga na Yanga mwaka 2021 akitokea AS Vita ya Kinshasa, na kila alipofunga aliutikisa mwili wake kwa mtindo ambao mashabiki waliuita kutetema. Ndani ya miezi michache watu walitetema harusini, watoto walitetema wakati wa mapumziko shuleni, na hata majukwaa ya siasa hayakupona. Wapo walionung’unika kwamba mpira umegeuzwa muziki. Lakini huyo anayedaiwa kujali madoido alifanya nini uwanjani? Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 ya ligi, akaongoza kwa mabao pia katika Kombe la Shirikisho Afrika kwa kufunga 7, na Yanga ikafika fainali ya kombe hilo, ikalikosa mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Miaka miwili baadaye, Juni 2025, alifunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika jijini Cairo akiwa na Pyramids, na timu yake ikatwaa ubingwa. Debe tupu ndilo haliachi kuvuma, wanasema. Hili lilikuwa limejaa pomoni na bado likavuma.

Wenye imani ya ukimya hupenda kuelekeza kidole ng’ambo: wenzetu wa nchi za baridi hufunga na kutulia. Basi na tuwafuate hukohuko, kwenye mchezo wa baridi kuliko yote, hoki ya barafuni. Huu ni mchezo wa watu sita kwa sita, wamevaa viatu vyenye makali chini, wakisukumana kwa magongo kuwania kisahani kigumu cha raba. Afrika Mashariki imeuonja. Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na hapo ndipo ilipokulia timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada na wakacheza pamoja na nyota wakubwa wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Huko Kanada kwenyewe ugomvi ni uleule. Kwa miaka mingi mtangazaji Don Cherry alitumia nafasi yake ya Jumamosi usiku katika televisheni kuwakaripia wanaoshangilia. Mwaka 2009 Mrusi Alexander Ovechkin alipokuwa akishangilia mabao yake kwa vishindo, Cherry aliwaonyesha watazamaji picha za wanasoka wakishangilia ili kuwaambia vijana wa Kanada wasiwe kama hao. Msomaji na alitafakari hilo. Mzee wa Usoke anasema vijana wanaiga runinga. Mzee wa Kanada anasema vijana wanaiga wacheza soka. Kila mmoja anaona furaha imetoka kwa jirani, na hakuna hata mmoja anayeuliza mbona imejaa kila nyumba.

Mwaka 2019 Cherry aliwageukia Carolina Hurricanes, ambao msimu huo walikuwa wakishangilia kila ushindi wa nyumbani kwa maigizo ya pamoja na mashabiki wao. Aliwaita kundi la watu wa hovyo. Klabu ikayachapa maneno hayo kwenye fulana, mashabiki wakazivaa, na timu ambayo ilikuwa haijaingia hatua ya mtoano kwa takriban muongo mmoja ikaingia na kufika hadi fainali ya upande wa Mashariki.

Lakini jambo lenye uzito zaidi katika hoki si maigizo. Ni kinachotokea kila bao linapofungwa, bila mbwembwe yoyote. Wachezaji watano walio barafuni hukumbatiana kwanza. Halafu mfungaji hutangulia na wenzake humfuata nyuma, wakiteleza kupita mbele ya benchi lao, na kila aliyeketi hunyoosha mkono wenye glovu kugonga mkono wa kila anayepita, mmoja baada ya mwingine. Aliyecheza dakika moja anagongwa mkono sawa na nyota wa timu. Tena hesabu za mchezo huo zinakubaliana na desturi hiyo: kila bao huandikwa kwa jina la mfungaji na la watu hadi wawili waliomtengenezea, na pasi hiyo hupewa pointi moja sawasawa na bao lenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kushangilia. Mfungaji anagawa. Bao limepita mikononi mwa wengi likamfikia yeye, na sasa analirudisha kwao mbele ya mashahidi.

Ndiyo maana hoja ya majivuno imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Anayefunga na kurudi katikati peke yake, kimya, bila kumtazama aliyempa pasi, ndiye aliyelichukua bao likawa lake mwenyewe.

Mashabiki nao wana fungu lao. Katika hoki, mchezaji akifunga mabao matatu katika mechi moja, watazamaji huvua kofia zao na kuzirusha barafuni, na mechi husimama mpaka ziokotwe. Kwa msomaji wa Tabora hilo halihitaji mkalimani. Ni kutunza. Ni yule mama anayenyanyuka kwenye kiti chake ukumbini kwenda kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, ni yule shabiki anayevuka mstari wa uwanja wa kata kumshindilia mfungaji shilingi elfu mbili mkononi. Machi 2, 1993, mjini Winnipeg, Mfini Teemu Selänne alifunga mabao matatu na kufikisha 54 katika msimu wake wa kwanza, akaipita rekodi ya Mike Bossy ya mabao 53. Alirusha glovu yake juu, akapiga goti, akainua gongo na kuilenga kama mwenye bunduki. Mpagazi wa Kazeh angemwelewa papo hapo.

Hoja ya muda haina uzito wa kuichelewesha makala. Katika hoki saa husimama kila bao linapoingia. Katika soka, sheria ya saba inamtaka refa afidie muda unaotumika kushangilia, na kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 waamuzi waliagizwa kuuhesabu kwa makini. Anayetaka kujua dakika zinapotelea wapi awatazame wachezaji wanaojilaza chini timu yao ikiongoza.

Imani hii pia huwaangukia watu fulani kwa uzito zaidi. Februari 2010, wanawake wa Kanada waliifunga Marekani 2-0 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Vancouver. Baada ya mashabiki kuondoka walirudi barafuni na medali shingoni, wakanywa bia na kuvuta sigara kubwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikasema italitazama suala hilo, na kwa siku kadhaa ushindi wao ukazungumzwa kama utovu wa nidhamu, ilhali wanaume wa mchezo huohuo wamekunywa kutoka kwenye kombe lao la ubingwa kwa vizazi na kupigiwa makofi. Timu za wasichana za huku zinalijua hilo. Mvulana akicheza baada ya bao ataitwa mtoto. Msichana akicheza, atatafutiwa jina baya zaidi.

Lipo jambo moja ambalo benchi la mwembeni lina haki ya kulikataza, nalo ni kumdhihaki aliyefungwa. Sheria ya 12 ya soka inaruhusu kushangilia na kutoa kadi ya njano kwa ishara za kuchokoza au kukebehi, na ni sawa. Ila hata hapa Unyamwezi una la kufundisha. Njia ya misafara ilizaa utani kati ya Wanyamwezi na makabila waliyopita kwao kuelekea pwani, na utani una kanuni: mtani hukucheka hadharani, na siku ya msiba wako ndiye anayefika kusaidia. Si bure kwamba Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Novemba 2024, Tabora United, Nyuki wa Tabora, walikwenda Dar es Salaam wakaichapa Yanga 3-1, na mkoa mzima ukapata haki ya kuwatania mabingwa. Kicheko cha namna hiyo kinamtambua aliyefungwa kuwa ni mtu wa karibu. Kebehi humsukuma nje. Kijana anaweza kufundishwa tofauti hiyo kwa dakika tano za mazoezi, na mwalimu asiyeifundisha hana sababu ya kukataza furaha yote kwa pamoja.

Watoto hawa wa mechi za kata wana siku chache za kupigiwa makofi. Wengi wao asubuhi ya Jumatatu wako kwenye mashamba ya tumbaku pamoja na wazazi, wakichuma majani kwa bei wasiyoipanga wao. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo walichokifanya kwa miguu yao kinaonwa na mtaa mzima kwa mara moja. Wanaosimamia ligi za kata, kuanzia Usoke, wanaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti: wamwambie mfungaji kwamba akishaona mpira umevuka mstari, amkimbilie kwanza aliyempa pasi, kisha wapite wote mbele ya benchi la akiba wakigonga mikono hadi ya mwisho, na baada ya hapo, kama miguu bado inataka kucheza, aiachie icheze.