Mgonjwa wa Saratani Ale Nini?

Mwezi huu tuzungumze juu ya chakula cha mgonjwa aliye katika tiba ya saratani, kwa kuwa tumeona jambo lililotuhuzunisha.

Tulimtembelea mama mmoja wa usharika wetu aliyekuwa akitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi na dawa za dripu. Tulimkuta amekonda, mbele yake kikombe cha uji mtupu. Ndugu walimkataza mayai, nyama, maziwa na sukari, maana waliambiwa kwamba vyakula hivyo vinalisha saratani. Wiki hiyo dripu yake iliahirishwa, kwani damu ilikuwa pungufu na uzito umeshuka. Ndugu hao hawakuwa na ubaya. Walimpenda, na kwa upendo huohuo walimnyima chakula.

Tuseme wazi: kumnyima mgonjwa chakula hakuiui saratani. Asipokula, mwili huanza kujila wenyewe, misuli ikayeyuka na nguvu zikaisha. Tiba huharibu pia sehemu nzima za mwili, nazo hujengwa upya kwa chakula, hasa mayai, samaki, dagaa, nyama, maharage na karanga. Mgonjwa mwenye kisukari afuate maelekezo ya daktari wake.

Hamu ikipotea, usimwekee sahani iliyojaa. Mpe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Uji wa ulezi uongezewe karanga zilizosagwa na maziwa, ili kikombe kidogo kiwe na nguvu nyingi. Kichefuchefu kikizidi, mpikie mbali na anapolala, maana harufu humsumbua. Chakula kilichopoa huwa afadhali. Dawa ya kuzuia kutapika anywe kama alivyoelekezwa, asingoje mpaka atapike.

Akiwa na vidonda mdomoni, aache pilipili, ndimu na vyakula vikavu. Mpe viazi vilivyopondwa, mtori au parachichi, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Mionzi ya tumboni mara nyingi huleta kuharisha. Hapo apunguze kwa muda maharage, mafuta mengi na maziwa, ale wali, ndizi mbivu na samaki wa kuchemsha. Anywe pia maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa.

Dawa za dripu hupunguza kinga. Kwa hiyo nawa mikono, chemsha maziwa, ivisha mayai mpaka kiini kigande, osha matunda kwa maji safi. Homa ikifika nyuzi 38, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Mpime uzito kila wiki, na ukiona unashuka mwambie muuguzi. Mwambie pia juu ya dawa zozote za mitishamba, kwani baadhi huingilia tiba.

Wako wanaouliza kuhusu kufunga. Kanisa lifunge kwa ajili ya mgonjwa. Yeye mwenyewe ale. Tumkumbuke nabii Eliya katika 1 Wafalme 19, alipochoka hata akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu.

Basi tuliketi na wifi wa mama yule, tukazungumza bila kulaumiana. Jioni ile alimkaangia yai moja kwa mkono wake mwenyewe. Mgonjwa alikula nusu, akalala, alipoamka akamalizia. Baada ya wiki 2 dripu iliendelea. Bado safari yake haijaisha, lakini anaisafiri akiwa ameshiba.

Dada mpendwa, unapokwenda kumwona mgonjwa, beba Biblia, na beba pia chupa ya uji. Bwana awabariki.