Utetezi wa Mashine Kuukuu

Binadamu ana mazoea ya kukidharau kitu kilichomlea mara akiisha kupata kingine king'aacho zaidi. Mtu aliyejifunza kusoma kwa kibatari huona haya kukitaja mbele ya wageni anapokaa chini ya taa ya umeme. Mazoea haya yamehamia katika mambo ya kompyuta. Katika Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi wako watu, wake kwa waume, ambao wametenga chumba au pembe ya chumba nyumbani kwa ajili ya kompyuta zao. Huonyeshana meza zao, huelezana namna walivyounganisha kifaa na kifaa, na mazungumzo yao hayakomi kabla ya kuzitaja mashine walizokutana nazo utotoni. Juu yao hutolewa hukumu nyepesi: kwamba ni watu wazima wenye kukumbatia vitu vya kuchezea, na kwamba kumbukumbu zao hazina faida kwa elimu. Hukumu hiyo ni dhuluma, na hasara yake haiwaangukii watu hao peke yao. Humwangukia pia mwanafunzi ye yote anayetumia mashine asiyoijua.

Wenye kuwalaumu wana hoja tatu, nazo yafaa zielezwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa, maana hoja isiyosikilizwa haishindwi. Hoja ya kwanza ni kwamba mashine kuukuu haina kazi. Kompyuta ya Sinclair ZX81, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1981 kwa pauni 69.95, ilikuwa na kilobaiti 1 tu ya kumbukumbu. Simu ya mkononi yenye gigabaiti 4 inaizidi mara milioni 4 na zaidi. Kwa nini mtu mwenye akili timamu akeshe akilehemu nyaya za kitu kilichozidiwa kiasi hicho? Hoja ya pili ni kwamba kumbukumbu za watu huongezwa chumvi, na ng'ombe aliyekufa husifiwa kwa maziwa ambayo hakuyatoa. Hoja ya tatu ni kwamba kuonyeshana meza ni mashindano ya mali yaliyovishwa nguo ya elimu.

Hoja ya kwanza ina kosa la kipimo. Jembe hupimwa kwa shamba lililolimwa, lakini mwalimu hupimwa kwa mwanafunzi. Mashine zile zilikuwa jembe hafifu na mwalimu hodari. Mtoto aliyeiwasha ZX81, au ZX Spectrum ya mwaka 1982, au BBC Micro ya kampuni ya Acorn iliyotoka Desemba 1981, hakulakiwa na picha za kubonyeza. Alikuta kioo cha televisheni ya nyumbani kikingoja amri. Amri hiyo iliandikwa kwa BASIC, lugha iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, ili hata wanafunzi wasiosomea hisabati waweze kuitumia kompyuta. Mtoto asipoandika neno, mashine haikufanya neno. Akikosea herufi moja katika mistari mia, mashine ilikataa, naye alirudi mstari kwa mstari mpaka akalikuta kosa lake mwenyewe. Akiisha kazi, aliihifadhi katika kaseti ya namna ileile ya kusikilizia nyimbo; na kama sauti ya kinasa sauti haikurekebishwa sawasawa, kazi ya jioni nzima haikurudi. Taabu hiyo ndiyo iliyokuwa masomo. Mtoto alitoka nayo akijua kwamba mashine ni mtumwa wa maneno, na kwamba maneno hayo huandikwa na watu kama yeye.

Mashine za leo zimeufunga mlango huo. Betri imegandishwa kwa gundi, skrubu zake hazikubali bisibisi ya kawaida, na katika simu nyingi programu huingia kwa ruhusa ya kampuni, si kwa amri ya mwenyewe. Mnunuzi amekuwa mpangaji katika nyumba aliyoilipia. Hujua kuangalia na kubonyeza, lakini akiulizwa kilicho chini ya kioo hana la kujibu. Kumwambia mtu huyu kwamba zamani mambo yalikuwa vingine si kumpumbaza kwa hadithi. Ni kumpa habari kwamba hali aliyo nayo si sheria ya maumbile bali ni uamuzi wa wafanya biashara, na uamuzi wa watu waweza kutenguliwa na watu.

Ushahidi wa neno hili upo. Katika chuo kikuu cha Cambridge walimu kadha waliona kwamba vijana waliokuwa wakiomba kusoma sayansi ya kompyuta wamepungua, na kwamba waliokuja walikuwa na ujuzi mdogo kuliko wa wenzao wa miaka ya nyuma. Wakatafuta sababu, wakakumbuka BBC Micro na jamaa zake. Eben Upton na wenzake wakatengeneza kompyuta ndogo ya bao moja, iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35, ili mtoto apate tena mashine ambayo haogopi kuiharibu. Makumi ya mamilioni ya mashine hizo yameuzwa tangu hapo. Kama kukumbuka mashine kuukuu ni upuuzi, basi upuuzi huu umezaa shule.

Tena, mwenye kuidharau BBC Micro aitazame simu yake mwenyewe. Katika kampuni ileile ya Acorn, Sophie Wilson, aliyeandika BASIC ya BBC Micro, alibuni pamoja na Steve Furber kichakataji kipya kilichofanya kazi kwa mara ya kwanza Aprili 1985. Kiliitwa ARM. Ukoo wa kichakataji hicho ndio unaoendesha takribani simu zote za kisasa duniani, pamoja na zile zilizo mifukoni mwa wanafunzi wa Mombasa, Mwanza na Bujumbura. Mjukuu anamcheka babu ambaye uso wake ni uleule. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa, wala hawakusema kwamba methali hiyo haihusu umeme.

Hoja ya pili, ya kumbukumbu zenye chumvi, ina ukweli ndani yake. Lakini dawa ya chumvi nyingi si kumwaga chakula. Katika vita vya pili vya dunia Tommy Flowers na wenzake walijenga Uingereza mtambo wa Colossus kwa ajili ya kufumbua siri za adui. Ilipokwisha vita, mitambo mingi ilivunjwa na michoro yake ikachomwa moto kwa amri, ili siri isitoke. Tony Sale alipoanza kuujenga upya mtambo huo Bletchley Park mwaka 1993, hakuwa na kitabu cha kufuata. Alikuwa na picha chache, vipande vya michoro vilivyookoka, na vikongwe waliokumbuka walichokifanya kwa mikono yao. Mtambo ulikamilika na kufanya kazi mwaka 2007. Kumbukumbu za wazee zilipimwa kwa waya na umeme, na zilizokuwa za kweli zikawasha taa. Mtu anayeketi mbele ya mashine kuukuu akisimulia anaweza kusahihishwa na mashine yenyewe. Wasimulizi wa mambo mengine hawana shahidi mkali namna hiyo, na bado historia hupokewa kutoka kwao.

Kuna mfano mwingine unaowahusu zaidi wanavyuoni. Mwaka 1986 Waingereza waliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, daftari la ardhi na watu lililoandikwa mwaka 1086. Shirika la BBC likakusanya daftari jipya la nchi nzima. Watu zaidi ya milioni 1, wengi wao watoto wa shule, walichangia habari na picha, na vyote vikatiwa katika diski za leza. Haikupita miaka 20, mitambo ya kuzisoma ikawa adimu, na daftari la watu milioni likakaribia kuwa bubu, ilhali kitabu cha mwaka 1086 kikisomeka na kila ajuaye hati yake. Mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha programu ya kuuiga mtambo ule ndani ya kompyuta mpya. Lakini diski haziwezi kuigwa kabla ya kusomwa, wala hazisomwi pasipo mtambo wa asili ulio hai. Ni nani huuweka hai mtambo wa asili? Ni yuleyule anayechekwa kwa kukesha na chuma cha kulehemu, akibandua betri iliyovuja kabla haijala shaba ya bao, na kubadilisha kapasita zilizokauka.

Jambo hili limguse mwenye kupenda fasihi ya Kiswahili. Utendi wa Tambuka, ambao huwekewa tarehe ya mwaka 1728, umefika mikononi mwa wasomaji wa leo kwa wino, karatasi na uvumilivu wa wanakili. Je, miswada iliyopigwa chapa katika kompyuta za miaka ya 1980 na 1990, ikatiwa katika diski laini, na diski zikatiwa katika saraka za ofisi, itafika wapi? Diski hizo hazitafunguliwa na hotuba juu ya maendeleo. Zitafunguliwa na mtu mmoja ambaye hakuitupa mashine yake.

Imebaki hoja ya tatu, nayo yastahili kukubaliwa kwa nusu. Ni kweli kwamba wako waonyeshaji ambao hawana cha kuonyesha ila bei. Meza yao ina vioo vitatu na taa za rangi saba. Akiulizwa mwenyewe kila kimoja kinafanya nini, hutaja duka. Huu ni ulimbwende. Tena wako wakumbukaji ambao kila cha zamani kwao ni dhahabu, wakasahau kwamba mashine zile zilikuwa ghali kwa maskini, na kwamba matangazo yake mara nyingi yalimwita mvulana na kumsahau dada yake. Mtetezi wa kweli wa mashine kuukuu hapaswi kuwatetea hao. Tofauti ya makundi haya mawili ni rahisi kupimwa: mmoja husema, "Tazama nilicho nacho", mwingine husema, "Tazama kinavyofanya kazi, nawe ukafanye."

Kundi la pili lina nasaba ya heshima. Machi 5, 1975 watu wachache walikutana katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, kuitazama Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe, isiyokuwa na vibonye vya herufi wala kioo, ila swichi na taa ndogo. Chama chao kiliitwa Homebrew Computer Club. Kanuni yao ilikuwa kuonyeshana. Steve Wozniak aliwaletea wenzake kompyuta aliyoibuni na michoro yake akaigawa bure; mashine hiyo ndiyo iliyouzwa mwaka 1976 kwa jina la Apple I. Basi kuonyeshana meza si utoto uliozuka baada ya elimu ya kompyuta za nyumbani. Ni tumbo lililoizaa elimu hiyo.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki aweza kuuliza: haya yanamhusu nini mtu ambaye nyumba yao haikuwa na ZX81? Yanamhusu kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini pasipo idhini maalumu, na zuio hilo lilikuwa lingaliko watoto wa Uingereza walipokuwa wakiandika mistari yao ya kwanza ya BASIC. Kwa wengi wa watu wa nchi hizi kompyuta ilikuja baadaye, tayari imefungwa, na mara nyingi imekwisha kutumiwa na wengine ng'ambo. Lakini ilipofika hapa ilipata wataalamu wake. Mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue, Nairobi, wamefungua mashine ambazo viwanda havikutaka zifunguliwe, wakazifufua kwa viungo vya mashine nyingine zilizokufa. Ujuzi wao hukaa vidoleni na hufa pamoja nao. Hakuna fedheha kubwa kwa chuo kuliko kuwa na maktaba iliyojaa vitabu vya wageni juu ya kompyuta na kukosa daftari moja la fundi wa mtaani.

Na faida ya mlango uliofunguliwa Kiswahili kimekwisha kuionja. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yo yote, kwa maana maandishi ya ndani ya programu ile yalikuwa wazi kwa wote. Yuko atakayesema kwamba kampuni zenye kufunga programu zao nazo zimetoa Kiswahili. Ndiyo, zimetoa, lakini kinachotolewa kwa hisani huondolewa kwa hisani, na kinachofunguliwa kwa ujuzi hakifungiki tena.

Kwa hiyo jibu la wenye kuzicheka mashine kuukuu si kuwarudishia kicheko. Ni kazi. Kila idara ya kompyuta itenge chumba kimoja ambamo mashine ya zamani itafunguliwa na kuwashwa mbele ya wanafunzi. Kila idara ya Kiswahili iwaite mafundi na makatibu wa ofisi waliokutana na kompyuta za kwanza, iandike maneno waliyoyatumia na taabu waliyoipata, kabla maneno hayo hayajafuata diski zao. Usiache mbachao kwa msala upitao: msala wa leo ni mzuri, lakini una mwenyewe, na saa atakayouhitaji ataukunja aende nao.